Anova inasema ipo tofauti, Tukey inasema hakuna. Nimuamini nani? (mwani, vijiji vinne, Pemba)

#1 Binti_Konde
Assalaam alaykum. Nna jambo linaninyima usingizi siku ya tatu leo. Nafanya utafiti wa mwaka wa mwisho juu ya mwani wa aina ya spinosamu hapa Pemba, vijiji vinne, kila kijiji nimepima kamba 6, jumla kamba 24. Kamba zote urefu mmoja, mbegu uzito mmoja, zinakaa baharini siku 44 yaani bamvua tatu (bamvua ni siku za maji kujaa na kupwa sana, kila wiki mbili hivi) kisha natoa napima. Majina ya vijiji sitoyataja, nawaita A, B, C, D. A na B viko upande wa Micheweni, kaskazini, C na D upande wa Mkoani, kusini. Wastani kwa kila kamba, kilo za mwani mbichi: A 6.1, B 6.3, C 8.0, D 8.2. Nikaingiza kwenye SPSS (programu ya takwimu) nikafanya anova, testi inayolinganisha wastani za makundi yote kwa pamoja, ikatoka F = 3.20, digrii za uhuru 3 na 20, p = 0.046. Nikapiga vigelegele peke yangu chumbani maana iko chini ya 0.05, yaani vijiji vingekuwa sawa tofauti kama hii isingetokea kwa bahati hata mara 5 katika 100. Kisha nikafanya Tukey, testi ya kulinganisha jozi jozi, nijue sasa nani kamzidi nani, jozi zote sita hakuna hata moja iliyoshuka chini ya 0.05! Msimamizi wangu kanambia "tafsiri mwenyewe". Natafsiri nini hapo, tofauti ipo au haipo?

#2 NgamboBoy
Wa alaykum salaam. Bi dada usijitese, achana na hiyo Tukey, chukua A na D fanya t-testi (testi ya makundi mawili tu), B na D fanya t-testi, malizia zote sita, zitakazotoka ndo hizo uandike. Mie nilifanya hivo hivo na nikapita.

#3 Ami_Hesabu
NgamboBoy unampoteza mtoto wa watu. Kila t-testi moja unajipa ruhusa ya kukosea mara 5 katika 100, yaani useme tofauti ipo kumbe haipo. Ukifanya sita, nafasi ya kukosea angalau mara moja ni 1 toa 0.95 kipeo cha 6, inakuja kama asilimia 26. Vijiji vyote vinne vinaweza kuwa sawa kabisa na wewe bado robo ya mara utaandika "kijiji D kinaongoza" na watu wabebe mbegu wakapande D. Anova imewekwa kuliepuka hilo, unauliza suali moja tu kwa vijiji vyote pamoja, je hizi wastani nne zinaweza kuwa zimechotwa kwenye chungu kimoja?

#4 Dada_Jedwali
Ami #3 niko na wewe ila hiyo 26 ni kama majaribio sita yangekuwa hayajuani. Hapa yanajuana, A imo kwenye jozi tatu, kamba za A zikitokea kushuka kwa bahati tu basi jozi tatu zote zinavutwa nazo. Kwa hiyo 26 si namba yenyewe. Unachoweza kuapia ni kwamba haizidi 30, yaani 6 mara 5.

#5 Ami_Hesabu
Sahihi Dada, niliiandika kama ndo yenyewe. Shukran.

#6 Mkojani
Mie nimeona mwani kwenye kichwa cha habari nikajua bei imepanda. Sasa kwa vile nshaingia nifafanulieni kitu. Mnasema mnalinganisha wastani, mbona hilo jina anova nasikia maana yake ni uchambuzi wa mtawanyiko? Wastani na mtawanyiko wapi na wapi?

#7 Ami_Hesabu
Mkojani umeuliza suali ambalo wanafunzi wanamaliza muhula hawajauliza. Tuache mwani kidogo tuchukue karafuu. Namba hizi nazitunga za kufundishia tu. Mashamba matatu, kila shamba tunachuma miti minne, tunahesabu pishi kwa kila mti.

Shamba la kwanza: 4, 5, 6, 5. Wastani 5.
Shamba la pili: 6, 7, 8, 7. Wastani 7.
Shamba la tatu: 8, 9, 10, 9. Wastani 9.

Wastani wa miti yote 12 ni 7. Sasa pana mitawanyiko miwili. Wa kwanza ni baina ya mashamba, kila shamba limekwenda umbali gani kutoka 7: toa 2, sifuri, jumlisha 2. Zitie kipeo cha pili, zidisha kwa miti 4 ya kila shamba, 4 mara (4 + 0 + 4) unapata 32. Gawa kwa 2 (mashamba matatu toa moja), unapata 16. Mtawanyiko wa pili ni ndani ya shamba, kila mti umepishana vipi na wastani wa shamba lake mwenyewe. Kila shamba linatoa 1 + 0 + 1 + 0 = 2, matatu yanatoa 6, gawa kwa 9 unapata 0.67. F ni 16 gawa kwa 0.67, yaani 24. Mpaka kwenye jedwali kwa digrii 2 na 9, ambao F ikiupita tunasema tofauti ipo, ni 4.26. 24 imeupita mbali.

Sasa angalia hapa. Wastani ziache zile zile 5, 7, 9 ila miti iwe inapishana sana:

1, 5, 9, 5
3, 7, 11, 7
5, 9, 13, 9

Baina ya mashamba bado 16, hakuna kilichoguswa. Lakini ndani ya mashamba imekuwa 96 gawa kwa 9, yaani 10.67. F imeanguka mpaka 1.5, huna unachoweza kusema. Wastani hazikubadilika hata chembe, kilichobadilika ni vurugu ya ndani. Ndo maana kulinganisha wastani ukitazama wastani peke yake huwezi, lazima uulize zimepishana kiasi gani ukilinganisha na miti inavyopishana yenyewe kwa yenyewe ndani ya shamba moja. Jina limetoka hapo.

#8 NgamboBoy
Ami hiyo 9 umeitoa wapi? Miti 12 toa 1 ni 11.

#9 Ami_Hesabu
11 ni ya jumla yote. Ndani ya shamba kila shamba lina wastani wake, na kila wastani unakula digrii moja. Miti 4 toa 1 ni 3, mashamba matatu ni 9. Halafu 2 za baina ya mashamba. 9 na 2 ndo hiyo 11 yako, haikupotea.

#10 Mkojani
Sasa nimefahamu wallahi. Ni kama kutazama bahari. Siku ya shwari hata kasa akitoa kichwa tu unamuona, siku ya kusi inavuma kichwa ni kile kile na kasa yule yule lakini humuoni ng'o kwa mawimbi. Hiyo 16 ndo kasa, hiyo 0.67 na 10.67 ndo mawimbi.

#11 Ami_Hesabu
Mkojani hiyo nitaibeba darasani Jumatatu kwa ruhusa yako.

#12 Dada_Jedwali
Turudi kwa Binti_Konde jamani anangoja. Binti, kutoka kwenye F yako nimerudi nyuma, baina ya vijiji umepata 7.3 na ndani ya vijiji 2.28, sivyo? Tukey kwa makundi 4 na digrii 20 inatumia 3.96, uizidishe kwa kipeuo cha pili cha (2.28 gawa kwa 6), inatoka 2.44. Maana yake ili jozi ipite lazima wapishane kilo 2.44. Wewe jozi yako kubwa kuliko zote ni A na D, 8.2 toa 6.1 ni 2.1. Haifiki. Kwa hiyo SPSS haikukudanganya na wewe hukukosea kubonyeza.

Kwa nini F ikapita basi? Kwa sababu F haiulizi jozi. F inauliza kama kuna mpangilio WOWOTE wa tofauti, na wako una mpangilio uko wazi: A na B wamekaa pamoja chini, C na D wamekaa pamoja juu. Linganisha wawili na wawili, 8.1 toa 6.2 ni 1.9. Tofauti ni ndogo kuliko ile ya A na D lakini sasa kila upande una kamba 12 badala ya 6, kwa hiyo uhakika wake ni mkubwa zaidi. Ukiipigia hesabu inatoa F ya 9.5 kwa digrii 1 na 20. Tukey hakuulizwa suali hilo, yeye kaulizwa jozi akajibu jozi.

#13 Binti_Konde
Dada Mungu akubariki, ndo namba hizo hizo 7.3 na 2.28. Kwa hiyo naandika Mkoani wanazidi Micheweni?

#14 Dada_Jedwali
Pole pole. Hilo suali la wawili kwa wawili ulikuwa nalo kabla hujapima, limo kwenye pendekezo lako la utafiti? Au tumeliona sasa hivi baada ya kutazama wastani? Kama limo kwenye pendekezo basi 9.5 inatosha na kuzidi. Kama tumeliokota kwenye data basi lazima ulipie, utumie mpaka mkali zaidi, wa Scheffé (huyu aliutoa 1953), ambao ni digrii 3 za baina ya vijiji mara mpaka wa jedwali 3.10, yaani 9.3. 9.5 inapita, kwa unywele.

#15 Binti_Konde
Kwenye pendekezo nimeandika "vijiji vinne" tu, kaskazini na kusini sikutaja.

#16 KarafuuKavu
Mbona mnazunguka. LSD ya Fisher, testi nyingine ya jozi, ipo kwenye SPSS hapo hapo ilipo Tukey, weka tiki. F ikishapita unaruhusiwa kufanya jozi kwa LSD. Mpaka wake hapo ni kama kilo 1.82, kwa hiyo A na C (1.9) inapita, A na D (2.1) inapita, B na D (1.9) inapita. B na C 1.7 haipiti. Jozi tatu umepata, andika nenda kapumzike.

#17 Dada_Jedwali
KarafuuKavu hesabu yako iko sawa sina neno, lakini kinga ile ya "F kwanza halafu LSD" inakamilika ukiwa na makundi matatu. Yakiwa manne inaanza kuvuja: kikiwepo kijiji kimoja tu kilicho tofauti kweli, F inafungua mlango na watatu waliobaki ambao ni sawa wanapita nao bila kukaguliwa. Na usichague testi kwa kuwa imekupa jibu unalolitaka, Binti. Bonferroni, nayo testi ya jozi, ingekubana kuliko Tukey, mpaka wake kama 2.55. Ukipita pita dukani mpaka upate mwenye bei yako, mwisho utampata tu.

#18 KarafuuKavu
Haya. Lakini Fisher mwenyewe ndo katupa anova na hiyo F kaiita kwa jina lake, kama LSD ni yake sioni kwa nini tumfunge mikono.

#19 Mtumbatu_Asilia
Hapo nakusahihisha ndugu yangu. Fisher hakuiita F. Yeye alikuwa akitumia z, inayotokana na logi ya ule mtawanyiko mmoja uliogawiwa kwa mwingine. Aliyeiita F ni Snedecor wa Iowa kule Marekani, mwaka 1934, kwa kumpa heshima Fisher. Anova yenyewe Fisher aliikuza alipokuwa Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo Uingereza, aliingia pale 1919. Na mnajua karatasi ya 1923 aliyoandika na Mackenzie ilikuwa juu ya nini? MBATATA. Aina mbali mbali za mbatata na mbolea. Kwa hiyo jamani elimu hii imetoka shambani, Binti wa Konde anayepima mwani yuko nyumbani kwao kabisa.

#20 NgamboBoy
Mbatata za urojo hizo. Na t-testi yangu niliyotukanwa nayo #3 imetoka wapi?

#21 Mtumbatu_Asilia
Imetoka kwenye kiwanda cha bia, Dublin, 1908. Gosset alikuwa mfanyakazi wa Guinness, akaandika kwa jina la "Student".

#22 NgamboBoy
Astaghfirullah, na mie nimepitia hiyo kuipata shahada.

#23 Ami_Hesabu
Hesabu ni halali yako NgamboBoy usiwe na wasiwasi. Turudi kwenye mada.

#24 Shamba_Lab
Samahani nachelewa. Mie nimefanya kazi za majaribio ya shamba miaka mingi, mpunga na muhogo zaidi, na nimesoma kuanzia juu naona watu wanabishana Tukey na Scheffé na LSD na hakuna aliyemuuliza binti kamba 6 za kila kijiji zimetoka wapi. Binti, hizo kamba 6 ni za wakulima sita? Au mmoja?

#25 Binti_Konde
Wakulima wawili kila kijiji. Kila mmoja kanipa nafasi ya kamba 3 kwenye shamba lake. Ilikuwa tabu kupata watu, wengine waliona nawapotezea kamba.

#26 Shamba_Lab
Hapo ndipo nilipopataka. Kamba 3 za mkulima mmoja zinakaa kwenye mchanga mmoja, kina kimoja, mkondo mmoja, zimefungwa na mkono mmoja. Si kamba tatu huru, ni kamba tatu za mtu mmoja. Ukisema una digrii 20 unajidanganya, kwa sababu ulichokichagua kwenye kila kijiji ni wakulima WAWILI, kamba ni vipimo tu ndani ya mkulima. Una wastani za kila mkulima? Niwekee.

#27 Binti_Konde
Ninazo.
A: 5.3 na 6.9
B: 5.6 na 7.0
C: 7.5 na 8.5
D: 7.4 na 9.0

#28 Shamba_Lab
Ahsante. Wakulima ndani ya kijiji: A wamepishana 1.6, B 1.4, C 1.0, D 1.6. Kila tofauti kipeo cha pili mara 1.5 (kwa kamba 3 kila mmoja): 3.84 + 2.94 + 1.50 + 3.84 = 12.12. Gawa kwa digrii 4, inakuja 3.03. Sasa kijiji kinapimwa kwa mkulima, hakipimwi kwa kamba. 7.3 gawa kwa 3.03 ni 2.41. Mpaka kwa digrii 3 na 4 ni 6.59. Hatupo hata karibu. Sasa mnaona, tulikuwa tunagombania 9.5 na 9.3 kumbe mzani wenyewe haukukaa sawa.

Na Mtumbatu #19 umenikumbusha jambo. Kwenye hiyo karatasi ya mbatata Fisher mwenyewe alitumia mtawanyiko mmoja wa ndani kupimia kila kitu, wakati viwanja vilikuwa vimegawanywa vikubwa na vidogo ndani yake. Kwenye kitabu chake cha 1925 akairudia data hiyo akatenganisha. Akijikwaa mwalimu mwenyewe, binti wa mwaka wa mwisho asivunjike moyo.

#29 NgamboBoy
Subiri Shamba_Lab. Kamba ndani ya mkulima zimebaki na 33.48 (2.28 mara 20, toa 12.12) gawa kwa 16, yaani 2.09. Mkulima gawa kwa kamba ni 3.03 kwa 2.09, 1.45, mpaka ni 3.01. Kwa hiyo wakulima hawapishani kitu! Kama hawapishani, warudishe pamoja na kamba, unarudi kwenye 2.28 na digrii 20 na F yako 3.20. (Ndio, nimekaa nimejifunza tangu jana usiku.)

#30 Dada_Jedwali
NgamboBoy mashaAllah, hesabu safi kabisa.

#31 Shamba_Lab
Hesabu safi, hitimisho silikubali. Kwa digrii 4 ni vigumu kuona tofauti ya wakulima hata ikiwepo kubwa. Kutokuona si kutokuwepo. Rejea kasa wa Mkojani #10. Na aliyejenga jaribio kwa wakulima wawili wawili hana ruhusa ya kuwafuta wakulima kwa sababu wanamharibia p.

#32 KarafuuKavu
Lakini vitabu vingine vinaruhusu kuunganisha, masharti yakiwa kwamba p ya mkulima iko juu, wengine wanasema izidi 0.25.

#33 Shamba_Lab
Vipo, na mie najua watu wazima wanaofanya hivo. Mie sifanyi.

#34 Ami_Hesabu
Mie hapa niko katikati. Ukiunganisha, useme umeunganisha na uweke jedwali zote mbili msomaji aone. Kinachonikera ni kuficha.

#35 MamaKamba
Hodi. Mie silijui F wala Tukey, mie nalima mwani mwaka wa kumi na saba huu. Mwanangu Binti nakuuliza mambo yangu ya kishamba. Ulipokuwa unapima ulipima mwani ukitoka tu majini au uliuacha uchuruzike? Maana mwani ukitolewa sasa hivi na uliokaa juu ya kichanja nusu saa si uzito mmoja, maji peke yake kilo nzima inakwenda. Na ulipima bamvua gani? Vijiji vyote bamvua moja?

#36 Binti_Konde
Mama nakuamkia shikamoo. Kuchuruzisha nilichuruzisha lakini sikutazama saa, niliacha mpaka nikaona hautiririki. Bamvua... A na B nilipanda na nikavuna mwanzo, C na D bamvua iliyofuata yake, wiki mbili mbele kupanda na wiki mbili mbele kuvuna. Siku zote 44 kila kamba. Sikuweza kuwa Micheweni na Mkoani kwa wakati mmoja maji yakipwa.

#37 MamaKamba
Marahaba mwanangu. Basi hapo. Ilikuwa miezi gani?

#38 Binti_Konde
A na B walikaa majini katikati ya jua lile kali kabla ya masika. C na D walimalizikia mvua zimeshaanza na bahari imepoa.

#39 MamaKamba
Mwani haupendi joto. Maji yakipwa mchana jua la utosi, mwani unageuka mweupe unakatika vipande, ule wa aina ya kotoni ndo unakufa kabisa, spinosamu unavumilia lakini haukui. Ndo maana sisi wengi kotoni tumeuacha ingawa bei yake nzuri. Huo upungufu wa A na B mie naona ni jua, si kijiji. Ndugu zangu wa Micheweni wanalima vizuri tu.

#40 Dada_Jedwali
Mama kaingia na suali moja kaupindua uzi mzima. Angalieni: kaskazini wote bamvua ya kwanza, kusini wote bamvua ya pili. Kile kile kigawanyo cha wawili na wawili nilichokisifu #12. Kijiji, upande wa kisiwa, na wakati vimefungwa kamba moja, hakuna testi duniani itakayovifungua. Si Tukey si Scheffé.

#41 Mkojani
Na maji ya mvua? Karibu na mito mwani unaharibika kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Kwa hiyo mvua ingewashusha C na D, si kuwapandisha. Mama mie sikubaliani na wewe moja kwa moja.

#42 MamaKamba
Inategemea shamba liko wapi na mto uko wapi mwanangu. Wengine hatuna mto karibu.

#43 KarafuuKavu
Mie bado nashikilia inaweza kuwa mchanga na mkondo. Kusini maji yanakwenda zaidi, mwani unapata chakula. Bamvua isingeleta kilo mbili.

#44 Shamba_Lab
Na mie nashikilia inaweza kuwa hakuna kitu. Wakulima wanane, wanne wa juu na wanne wa chini, na mkulima wa pili wa A (6.9) na wa pili wa B (7.0) hawako mbali na wa kwanza wa C na D (7.5 na 7.4).

#45 NgamboBoy
Na mtawanyiko wa ndani ni sawa vijiji vyote? Kama A kamba zake zinapishana sana na D hazipishani, anova ya kawaida na Tukey zote zinayumba. Binti ulifanya Levene?

#46 Binti_Konde
Levene p ni 0.31.

#47 Ami_Hesabu
Haina ushahidi wa kupishana basi, ingawa kamba 6 ni chache kwa Levene pia. Hiyo nisingeihangaikia leo.

#48 Binti_Konde
Jamani nimesoma yote mara mbili na nimelia kidogo nimenyamaza. Nina wiki saba kabla ya kukabidhi. Siku 44 zinaingia kwa tabu. Nikirudia nirudie vipi? Pesa ya kamba mpya sina, za zamani ninazo.

#49 Shamba_Lab
Zinaingia. Usiongeze kamba, ongeza wakulima. Kamba zako ni hizo hizo 24, wape wakulima sita kila kijiji kamba moja moja. Digrii 20 zako zitakuwa za kweli. Na vijiji vyote bamvua moja kupanda na bamvua moja kuvuna.

#50 Dada_Jedwali
Na usivune A, B kwanza kisha C, D. Bamvua ina siku kadhaa za kupwa vizuri, changanya: siku ya kwanza A, ya pili C, ya tatu B, ya nne D, au upige kura kwa vikaratasi nani aanze. Ikiwa kuna jua kali siku moja lisiwaangukie upande mmoja wote. Kuchuruzisha dakika 20 kwa saa ya simu, kila kamba. Na suali la kaskazini na kusini liandike SASA kabla hujapanda, umuoneshe msimamizi, ili safari hii usilipie Scheffé.

#51 NgamboBoy
Na ile data ya zamani aitupe?

#52 Ami_Hesabu
Asitupe hata namba moja. Iwe sura ya majaribio ya awali, na aandike wazi ilivyopimwa.

#53 KarafuuKavu
Mie naamini kusini watazidi tena. Tutaonana hapa hapa baada ya siku 44.

#54 MamaKamba
Na mie nasema vitakaa sawa. Binti, kupata wakulima sita kwa kila kijiji upande wa Mkoani niachie mie, nitasema na wenzangu, wananijua. Bamvua hii maji yanapwa vizuri saa nne asubuhi. Njoo na kamba zako na taitai za kufungia mbegu, na mizani iwe moja hiyo hiyo utakayoitumia Micheweni, usije ukapimia yangu, yangu inadanganya.

#55 Binti_Konde
Nakuja mama. Wa Micheweni watatu watatu nshawapata leo, bado watatu kwa kila kijiji. Nawapigia simu sasa hivi.